Majibu Yangu Yalikwenda Wapi? Watoto Kama Washirika wa Utafiti Katika Misaada ya Kibinadamu

Mheshimiwa mwenyekiti, watafiti wenzangu, ndugu zangu kutoka mashirika ya misaada na serikalini, na ninyi wanangu mlioketi safu ya mbele, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie ushiriki wa watoto katika tafiti zinazozaa sera za misaada ya kibinadamu. Nitaanza na dodoso, kwa sababu hapo ndipo nilipofundishwa kazi hii upya, na aliyenifundisha alikuwa na umri wa miaka 11.

Nilikuwa katika timu iliyotumwa kwenye kambi ya wakimbizi kutathmini huduma ya maji. Dodoso letu lilikuwa na maswali 74. Tuliliandika tukiwa mbali na kambi, tukalijaribu kwa watu wazima, tukaona limekaa sawa. Siku ya tatu nikaketi mkekani na binti mmoja, mama yake akifua nguo hatua chache kutoka pale. Binti alijibu vizuri, kwa sauti ya chini, bila haraka. Tulipofika kama swali la 20 akanyamaza, akaitazama karatasi yangu, akasema: "Haya mliniuliza mwaka jana. Yale majibu yangu yalikwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Waliomuuliza mwaka uliotangulia walikuwa wa timu nyingine, lakini kwake sote tulikuwa wale wale: watu wenye vitambulisho shingoni, wanakuja, wanauliza, wanaandika, wanaondoka. Niliweka kalamu chini. Nikamwuliza: kama wewe ndiye ungekuwa unauliza, ungeuliza nini? Hakuchelewa. "Ningeuliza kwa nini bomba linafunguliwa wakati wa masomo."

Ndugu zangu, katika maswali yetu 74 hakuna hata moja lililogusa saa ya kufunguliwa bomba. Tulikuwa na swali la umbali, la wingi wa maji, la usafi wa vyombo, la urefu wa foleni. Tulitumia viwango vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu, ambavyo wengi wenu mnavifahamu kwa moyo: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, kituo cha maji kisizidi mita 500 kutoka nyumbani, foleni isizidi dakika 30, watu 250 kwa bomba moja. Ni viwango vizuri, vimeokoa maisha, na mwongozo wenyewe unasisitiza kwamba wenye shida wasikilizwe. Kambi ile ilikuwa imevifikia vyote. Kwenye ripoti yetu sehemu ya maji ingeandikwa kuwa iko vizuri, huku wasichana wakikosa vipindi vya asubuhi siku baada ya siku.

Kisha akachukua kijiti akachora njia mchangani. Kwenye ramani yetu njia kutoka kwao hadi bombani ilikuwa mstari ulionyooka. Yeye alichora njia mbili. Ya kwenda ilikuwa fupi, ilipita mahali ambapo wanaume hukaa kutwa bila kazi. Ya kurudi ilizunguka nyuma ya ghala, karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni jambo la wazi kabisa: akiwa na dumu tupu anaweza kukimbia, akiwa na dumu lililojaa hawezi. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Basi dumu tupu lilikuwa na njia yake, na lililojaa lilikuwa na yake.

Tangu siku ile nimekuwa na jambo moja la kuwaambia watafiti, nami nalisema tena leo. Ushirika na mtoto huanza kabla dodoso halijaandikwa. Anayeandika swali ndiye mwenye utafiti, na anayejibu tu, hata akijibu vizuri kiasi gani, bado ni mgeni katika utafiti unaomhusu yeye mwenyewe. Tunaweza kuhoji watoto elfu kumi tukabaki tumejiuliza maswali yetu wenyewe mara elfu kumi.

Na hatuzungumzii kundi dogo. Kwa takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, mwishoni mwa mwaka 2023 watu milioni 117.3 duniani walikuwa wamelazimika kuyahama makazi yao. Watoto ni kama asilimia 30 ya watu wote duniani, lakini miongoni mwa waliohamishwa kwa nguvu wanafika asilimia 40. Katika kambi nyingi, ukisema "watu wa kambi" umesema watoto kwa sehemu kubwa. Sera tunayoiandika bila wao tumeiandika bila karibu nusu ya wenyewe.

Kisheria hatuna pa kujificha. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake mwenyewe ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kifungu hakitaji umri wa kuanzia. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao unampa mtoto haki ya kusikilizwa. Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Mtoto ilitoa ufafanuzi mrefu wa kifungu hicho cha 12, ikasema wazi kwamba haki hii haisimami wakati wa maafa au vita. Kwa hiyo anayesema "hali ni ya dharura, watoto tutawasikiliza baadaye" amekwishajibiwa tangu wakati huo.

Lakini sheria hutimizwa kwa namna mbili, na moja yake inaniumiza. Mwaka 1992 Roger Hart aliandika, kupitia kituo cha UNICEF kilichoko Florence, kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vipandio 8. Vile vitatu vya chini alivihesabu kuwa si ushiriki kabisa: mtoto anapotumiwa, mtoto anapowekwa kama pambo, na mtoto anaposhirikishwa kwa jina tu. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado ninaalikwa kwenye mikutano ambapo watoto huimba asubuhi, hupigwa picha, kisha huondolewa ukumbini maamuzi yanapoanza. Wanangu, leo mmeombwa mkae hadi mwisho, na nimehakikisha jambo hilo limeandikwa kwenye ratiba.

Laura Lundy wa Queen's University Belfast aliliweka jambo hili vizuri mwaka 2007. Alisema kumpa mtoto sauti hakutoshi. Anahitaji nafasi salama ya kuunda maoni, msaada wa kuyaeleza, mtu mwenye mamlaka wa kumsikiliza, na maoni hayo yafanye kazi mahali fulani. Ukiniuliza mimi, tumekuwa hodari sana katika mawili ya kwanza. Tuna kalamu za rangi, tuna michezo, tuna mahema ya watoto. Yule mwenye mamlaka wa kusikiliza ndiye hatujampata, kwa sababu mara nyingi yuko mbali, anasoma muhtasari wa kurasa mbili ulioandikwa na mtu ambaye naye hakufika kambini.

Niruhusuni niwapeleke Sierra Leone. Vita vya pale vilidumu kuanzia mwaka 1991 hadi 2002. Ulipokuja mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha uraiani, wasichana wengi waliokuwa na makundi yenye silaha waliachwa nje. Kwa kanuni, mtoto hakulazimika kukabidhi bunduki ili apokewe. Kwa vitendo, mara nyingi bunduki ndiyo iliyokuwa tiketi. Na wasichana wale walikuwa wamepika, wamebeba mizigo, wamefanywa wake kwa nguvu, wengi wana watoto mgongoni. Mpango uliundwa kwa kumfikiria mpiganaji kuwa mwanamume mwenye silaha mkononi. Wale ambao wangeweza kusema "sisi pia tulikuwemo, na hivi ndivyo tulivyokuwemo" hawakuwepo swali la kwanza lilipoandikwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Halafu likaja jaribio ambalo nalipenda kuliko yote katika fani hii. Kati ya mwaka 2006 na 2009, watafiti wa vyuo vikuu wakishirikiana na mashirika ya misaada walifanya kazi katika maeneo 20 ya Sierra Leone, Liberia na kaskazini mwa Uganda. Walifanya kazi na kina mama vijana 658, ambao wengi walikuwa wametekwa na makundi yenye silaha wangali watoto, na wengine walikuwa mama wadogo waliokuwa katika hali ngumu hapo hapo kijijini. Hawakupewa dodoso. Walikutana kwa makundi, wakachambua wenyewe ni nini kinachowazuia kukubalika nyumbani, kisha wakachagua hatua ya kuchukua. Wengine walitunga nyimbo na maigizo ya kuwaonyesha wanakijiji jinsi wanavyotengwa. Wengine walianzisha biashara ndogo, wengine wakakaa na wazee na viongozi. Watafiti waliwasaidia na kuandika yaliyotokea. Kazi ilipomalizika, wengi wao walikuwa wanapokelewa vizuri zaidi na familia zao na majirani.

Angalieni mpangilio wake. Utafiti na msaada vilikuwa kitu kimoja, na matokeo hayakusubiri ripoti ichapishwe.

Kuna mfano mwingine ninaousimulia kwa tahadhari. Mwaka 2007 mtafiti wa shirika la Waging Peace alikwenda mashariki mwa Chad kuwahoji watu wazima waliokimbia vita vya Darfur, magharibi mwa Sudan. Aliambiwa kwamba watoto nao waliona yote. Akawapa karatasi na penseli, wakachora: helikopta, nyumba zinawaka, watu wamelala chini. Michoro ilifika kama 500, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliipokea kama ushahidi wa mazingira ya makosa yaliyotendeka. Ni jambo kubwa. Mkono wa mtoto ulifika mahali ambapo hotuba za wakubwa hazikufika. Hata hivyo, kila ninapoitazama michoro ile namkumbuka binti wa bombani na swali lake. Kuchora ulichoambiwa uchore ni ushahidi, na ushahidi una heshima yake. Ushirika unadai zaidi: mtoto ajue mchoro wake unakwenda wapi, aweze kusema huu sitaki uende, na siku moja mtu arudi kumwambia ulifanya nini huko ulikokwenda.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu, na hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wenye nia njema wakiwadhuru watoto kwa jina la ushiriki.

Tuanze na ridhaa. Tunamwambia mtoto: uko huru kukataa. Lakini mtoto ambaye familia yake inaishi kwa mgao hana uhakika kwamba kukataa kwake hakutagusa mgao huo, hata tukimwapia. Anayeuliza na anayegawa chakula wanavaa fulana zinazofanana. Kwa hiyo saini ya mzazi na "ndiyo" ya mtoto havitoshi. Mpe njia nyepesi ya kutoka, isiyohitaji maneno. Sisi tulitumia kadi nyekundu: mtoto akiinua, mazungumzo yamekwisha, hakuna anayeuliza sababu. Siku ya kwanza watoto watatu waliinua kadi ili waone kama kweli tutanyamaza. Tulinyamaza. Siku ya pili ndipo wakaanza kuzungumza.

Kuna siri. Tunapowafunza watoto kuwahoji wenzao, tunasifu kwamba wenzao huwaeleza mambo ambayo sisi hatuambiwi. Ni kweli. Lakini mvulana wa miaka 14 anayesikia habari ya mwenzake kupigwa au kudhalilishwa anakwenda kulala na habari hiyo, na kesho anakutana na mwenzake huyo huyo kwenye foleni ya chakula. Nani anambeba yeye? Kama hamna mtu aliyefunzwa wa kukaa na watafiti wadogo kila jioni, msiwatume wakahoji.

Na kuna hili ambalo kwangu halina mjadala. Usimwulize mtoto jambo ambalo jibu lake litahitaji msaada wa haraka, kama hujui utampeleka wapi akikujibu. Njia ya rufaa, yaani nani anapokea, saa ngapi, kwa gari lipi, iwepo kabla ya swali la kwanza. Mwaka 2016 kituo kile kile cha UNICEF cha Florence kilitoa kazi nzima kuhusu maadili ya kutafiti na watoto katikati ya majanga, na swali linalotangulia mengine ni hili: je, ni lazima watoto hawa watafitiwe sasa hivi? Katika siku za kwanza za janga, wakati familia hazijapata hata pa kulala, mara nyingi jibu ni hapana. Rudi baadaye, au tafuta taarifa ambazo mwenzako alikwisha kuzikusanya.

Kulipiziwa kisasi nako kupo. Sisi tunapanda gari tunaondoka. Mtoto aliyesema kwamba msimamizi fulani anaomba rushwa ili mtu apate nafasi kwenye orodha, anabaki na msimamizi yule yule. Heri sentensi hiyo isiingie kwenye ripoti kuliko iingie ikiwa inamwonyesha aliyeisema.

Jambo la nani anachaguliwa nitaligusa kwa ufupi. Ukimwomba mwalimu akuletee watoto kumi, atakuletea wanaojieleza vizuri. Hutamwona mtoto mwenye ulemavu ambaye hajafika shuleni, wala yule anayelea wadogo zake, wala yule anayefanya kazi sokoni tangu alfajiri. Utafiti ulioshirikisha watoto hodari pekee unaweza kudanganya kuliko ule usioshirikisha yeyote, kwa sababu ule usioshirikisha yeyote unajulikana kuwa una pengo.

Kuna wenzangu husema: sawa, watoto waulize na wajibu, lakini uchambuzi waachie wataalamu. Nilikuwa na imani hiyo. Kisha katika kambi ile ile tuliandika majibu ya watoto wote kwenye vipande vya karatasi, tukavipanga mafungu: maji, utoro, usalama, chakula. Tukawaita watoto 12 waangalie. Walizunguka yale mafungu kimya, wakaanza kuhamisha vipande. Karibu fungu zima la utoro walilibeba wakaliweka kwenye maji. Nikawaambia, hapa mwenzenu amesema "sikwenda shule", huo ni utoro. Mvulana mmoja akanijibu bila kunidharau hata kidogo: "Huyo ni wa zamu ya asubuhi bombani." Sisi wenye shahada tungepeleka kwa wizara pendekezo la kupambana na utoro. Labda wangeajiri watu wa kuwafuatilia watoto majumbani.

Lugha yetu inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelelewa na methali hiyo na siikatai. Nasema tu kwamba katika kazi yangu nimeona sera zikivunjika guu kwa kutosikia la mdogo.

Ninyi mnaotoa fedha, ombi langu kwenu ni la kawaida kabisa, liko kwenye karatasi mnazotujazisha. Hadidu za rejea mnazotuletea zina maswali ya utafiti tayari, na muda wa kazi uwandani ni wiki mbili. Kwa karatasi hiyo mtoto hawezi kuwa mshirika hata tukitaka. Turuhusuni kuacha swali wazi kwa mwezi wa kwanza. Wekeni kwenye bajeti fungu la kurudi: nauli, siku, mchoraji, mkalimani, ili matokeo yarudishwe kwa watoto kwa lugha yao kabla hayajapelekwa kwa waziri. Kila mara nilipoona bajeti inapunguzwa, fungu hilo ndilo lililokatwa kwanza. Mwaka 2016 kule Istanbul, katika mkutano wa dunia wa masuala ya kibinadamu, wafadhili wakubwa na mashirika walikubaliana kwamba wapokeaji wa misaada washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Fungu la kurudi ni mahali pazuri pa kuonyesha kwamba mlimaanisha.

Nanyi wanangu mlio mbele, mtaulizwa mengi katika siku hizi mbili. Mkiulizwa, nanyi ulizeni: swali hili limetoka kwa nani, jibu langu litasomwa na nani, na lini mtarudi. Mtu akishindwa kuwajibu, mna haki ya kunyamaza, na hakuna mtu mzima humu atakayewaona hamna adabu.

Kuhusu binti yule. Tulirudi baada ya miezi saba, tukiwa na ripoti ya kurasa 16 iliyochorwa badala ya kuandikwa. Saa za bomba zilikuwa zimebadilishwa: linafunguliwa alfajiri na tena baada ya masomo. Pale wanapokaa wanaume hapakuwa pamebadilika chochote, na tuliwaambia watoto hivyo, kwamba tulipendekeza na bado hatujajibiwa. Walilipokea hilo kwa utulivu kuliko nilivyotarajia.

Binti alifungua ripoti ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye ramani alikaa nayo kwa muda, kidole chake kikifuata njia ya kurudi kutoka bombani. Mchoraji wetu aliipitisha nyuma ya ghala kama tulivyomweleza, ila aliinyoosha kidogo, pengine ili ipendeze. "Hapa inapinda," akasema. Nikampa penseli. Akafuta ule mstari, akauchora upya, akapuliza vumbi la kifutio, akanirudishia ukurasa.